Moshi wa Ghafla Katika Lori la Zamani: Chanzo Kichunguzwe Kabla ya Kufumua Injini

Lori la zamani linapoanza kutoa moshi ambao halikuwa nao wiki iliyotangulia, uamuzi wa haraka katika gereji nyingi huwa ni kufumua injini. Uamuzi huo ni wa gharama kubwa, na mara nyingi hufikiwa kabla ya fundi kujua moshi unatoka wapi. Injini iliyochakaa huongeza moshi kidogo kidogo kwa miezi au miaka, lakini moshi wa ghafla kwa kawaida una sababu ya ghafla. Wakati mwingine sababu hiyo haimo ndani ya injini kabisa, bali katika mfumo wa breki.

Suala hili linawahusu wamiliki wa malori ya miaka ya 1960 na 1970, likiwemo Bedford TJ lililoanza kutengenezwa Uingereza mwaka 1958 kwa matoleo ya petroli na ya dizeli. Linawahusu pia watumiaji wengine wa barabara. Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, inataka gari linalotumika barabarani liwe katika hali isiyohatarisha watu. Aidha, mwaka 2012 taasisi ya utafiti wa saratani iliyo chini ya Shirika la Afya Duniani iliuweka moshi wa dizeli katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu.

Hatua ya kwanza ni kutazama rangi. Moshi mweusi ni mafuta yaliyozidi hewa. Katika injini ya dizeli, chanzo huwa chujio la hewa lililoziba, nozeli zinazovuja au pampu iliyorekebishwa vibaya. Katika ya petroli, huwa kabureta inayomwaga mafuta kupita kiasi. Ikumbukwe pia kuwa lori la dizeli lisilo na taba linaweza kuwa safi Dar es Salaam na kutoa moshi mweusi likiwa na mzigo karibu na Mbeya, jiji lililo takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Huko hewa ni nyepesi ilhali pampu inatoa dizeli ileile. Hilo si kuharibika kwa injini, na dereva hupunguza moshi kwa kutumia gia ndogo na kutokandamiza mafuta.

Moshi wa bluu ni oili inayoungua, na hapa wakati unaeleza zaidi kuliko rangi. Ukitoka asubuhi injini inapowashwa kisha ukakoma, oili imechuruzika usiku kupitia sili za valvu. Ukitoka katika injini ya petroli lori linaposhuka mlima na dereva ameachia mafuta, miongozo ya valvu ndiyo ya kushukiwa. Ukizidi lori linapovuta mzigo, pistoni na ringi zake ndizo za kupimwa. Kwa injini ya petroli, fundi hupima mgandamizo wa kila silinda, kisha hutia oili kidogo katika silinda dhaifu na kupima tena. Kipimo kikipanda, ringi zimelika. Kisipopanda, tatizo liko kwenye valvu au gasketi.

Hata hivyo, kabla ya vipimo hivyo swali la kuuliza ni kitu gani kiliguswa mwisho. Malori mengi ya umri huo yana chujio la hewa lenye bakuli la oili chini yake, ambamo vumbi hunaswa. Bakuli hilo lina alama ya kiwango. Likijazwa kupita alama wakati wa matengenezo, injini huvuta oili pamoja na hewa, na lori lililoingia gereji likiwa safi hutoka likifuka bluu.

Kosa hilo dogo ni la hatari katika injini ya dizeli, kwa kuwa dizeli na oili zote huungua humo. Injini inaweza kuongeza kasi yenyewe na kukataa kuzimika, kwa sababu kizimio hukata mafuta ya pampu tu, si oili inayovutwa na hewa. Njia ya kuizima ni kuinyima hewa kwa kuziba mdomo wa kuingizia hewa kwa ubao imara. Kiganja au kitambaa kisitumike. Kwa hiyo bakuli hilo hukaguliwa injini ikiwa imezimwa, sambamba na kiwango cha oili ya injini na bomba la kupumulia, ambalo likiziba husukuma oili kwenye silinda.

Moshi mweupe ndio unaopotosha zaidi. Lori lililoegeshwa muda mrefu hutoa mvuke kwa dakika chache kwa sababu ya maji yaliyokusanyika kwenye ekzosi, na dizeli isiyoungua vizuri injini ikiwa ya baridi pia hutoa weupe. Ukiendelea baada ya injini kupata joto, wengi huhukumu kuwa gasketi ya silinda hedi imeungua. Dalili za gasketi ni maji ya rejeta kupungua, mapovu kwenye rejeta na oili kugeuka rangi ya chai ya maziwa. Kifuniko cha rejeta kifunguliwe injini ikiwa ya baridi tu.

Dalili hizo zisipoonekana, na lori ni la petroli lenye breki za mafuta zinazosaidiwa na sevo, kikaguliwe kikombe cha mafuta ya breki. Sevo ya aina hiyo hufanya kazi kwa mvuto wa hewa unaotoka kwenye manifoldi ya injini kupitia mpira. Sili iliyomo ndani ikichoka, mafuta ya breki huvutwa kupitia mpira huo hadi kwenye injini na kuungua, yakitoa moshi mzito mweupe wenye harufu kali. Magurudumu yote huwa makavu, hakuna tone chini ya gari, lakini kikombe kinapungua. Dereva anayekijaza kila siku bila kuuliza mafuta yanakwenda wapi anaendesha lori ambalo breki zake zinaweza kukosa mafuta katikati ya mteremko wa Kitonga.

Uchunguzi wake hauhitaji kufungua hata boliti moja ya injini. Injini ikiwa imezimwa na kupoa, mpira wa sevo huchomolewa upande wa manifoldi na kuangaliwa iwapo una unyevu ndani. Kisha tundu la manifoldi huzibwa barabara na injini huwashwa lori likiwa limesimama, magurudumu yamewekewa vizuizi. Moshi ukipungua na kukoma, chanzo kimepatikana. Lori lisiendeshwe mpira ukiwa umechomolewa, kwa kuwa breki hupoteza msaada wa sevo na kuwa nzito mno. Katika lori la dizeli ambalo mvuto wake hutoka kwenye pampu maalumu, mafuta hayo hayafuati njia hiyo, hivyo jaribio hili halitoi jibu.

Baada ya sevo kukarabatiwa na breki kutolewa hewa, moshi unaweza kuendelea kwa muda kutokana na mafuta yaliyobaki ndani ya ekzosi. Katika kipindi hicho kipimo cha kuaminiwa ni kikombe cha breki: alama huwekwa kwenye kiwango chake, na kikombe hukaguliwa kila asubuhi kabla ya lori kuondoka. Kikishuka tena, lori hurudi gereji.