Gari Dogo la Kijapani: Tazama Fremu Kabla ya Injini

Wakulima wa Ndalu, Tongaren na Naitiri, na ninyi mlio upande wa Kitale huko Kiminini, bila shaka mmekwisha kuyaona magari madogo ya mizigo yatokayo Japani: Suzuki Carry, Daihatsu Hijet na mengine ya namna hiyo. Gari la namna hii lamfaa sana mtu mwenye ekari chache. Tangu mashamba makubwa ya walowezi yalipogawanywa katika miaka ya 1960, si kila mtu mwenye haja ya lori. Lakini maziwa hayana budi kufika asubuhi, mbolea haina budi kuletwa, na punda naye huchoka.

Tuseme basi mkulima mmoja amelinunua gari lake. Msimu wa mavuno anapakia magunia manane ya mahindi, na gari linapanda kilima kwa kulia. Anakwenda kwa fundi na kumwambia, "Hii injini ni ndogo, niwekee ya 1300." Fundi anakubali, maana hiyo ndiyo kazi yake. Ni fedha nyingi, pengine mahindi ya mwaka mzima, na baada ya kuzitoa gari litakuwa na hatari zaidi kuliko mwanzo. Sababu yake ni hii.

Nchini Japani magari haya yana sheria yake. Injini haipiti sentimita 660 za ujazo tangu mwaka 1990. Kabla ya hapo ilikuwa 550, na kabla ya 1976 ilikuwa 360. Urefu wa gari haupiti mita 3.40, na mzigo haupiti kilo 350. Waliolitengeneza walipima kila chuma kwa kilo hizo 350: fremu, springi, ekseli, breki na tairi. Sasa hesabu mwenyewe. Gunia la mahindi ni kilo 90, basi matatu ni kilo 270, na la nne limekwisha kupita kipimo. Mbolea ya mifuko ya kilo 50 ni mifuko saba kamili. Vijana wakikaa juu ya mzigo, nao ni mzigo. Yule mwenye magunia manane amepakia kilo 720, zaidi ya maradufu.

Ingia chini ya gari uitazame fremu, ambayo mafundi huiita chesisi. Utaona vyuma viwili virefu vilivyo wazi ndani kama bomba la pembe nne, vikiunganishwa na vyuma vya kukingama kama vidato vya ngazi. Ni bati lililokunjwa na kuchomelewa, wala si chuma kinene cha lori. Mzigo ukizidi, fremu haivunjiki siku hiyo. Hufanya ufa mdogo mahali springi inaposhikwa, au nyuma ya kibanda cha dereva, na ufa huo hukua kila unapopita shimo. Injini kubwa haiongezi hata kilo moja katika fremu hiyo, bali hukupa uwezo wa kuivunja upesi.

Kadhalika nguvu ya injini haiendi moja kwa moja kwenye magurudumu. Hupita klachi, gia boksi, propela na difu, kisha ekseli. Vyote hivi vilipimwa kwa injini ndogo ya nguvu za farasi 50 hivi. Ukitia ya 1300 na kuacha difu ile ile, meno yake ndiyo yatakayosagika kwanza. Ukibadilisha difu, ekseli nayo itadai haki yake, halafu rejeta, halafu breki. Breki ndiyo jambo kubwa. Ukishuka kutoka Kapsokwony kwenda Kimilili na mzigo wa ziada, injini haitakusimamisha.

Pia magari haya hayafanani. Carry na Hijet injini yake i mbele, chini ya viti, na propela huenda nyuma. Subaru Sambar ya zamani, kabla ya 2012, injini yake i nyuma kabisa. Honda Acty, ambayo iliacha kutengenezwa mwaka 2021, injini yake i chini ya sanduku la mizigo. Basi asikudanganye mtu kwamba injini yoyote yaingia gari lolote. Injini yako ikifa, tafuta ya aina ile ile, pamoja na kompyuta na nyaya zake.

Na ukiona gari lako ni zito katika matope, chunguza kwanza kama lina gia ya kuvuta magurudumu yote manne. Mengi yanayo, na mengine yana gia ya chini kabisa iliyowekwa kwa kazi ya shamba, lakini wenyewe hawajapata kuitumia! Ila usiiache gia hiyo ya magurudumu manne ukiwa kwenye lami kavu, maana itakula difu.

Sheria ya Barabara ya Kenya, Sura ya 403, yakataza kupakia zaidi ya mzigo uliotajwa na mtengenezaji wa chesisi, au uliopimwa na mkaguzi. Namba ya injini nayo imeandikwa katika logibuku. Ukibadilisha injini yapasa kuwaarifu NTSA na gari likaguliwe. Usipofanya hivyo, siku ya ajali huenda watu wa bima wakakataa kulipa.

Ukinunua gari, beba nyundo ndogo. Sehemu nyingine za Japani hutia chumvi barabarani wakati wa theluji, na fremu huoza kutoka ndani huku rangi ya nje ikimeta. Gonga polepole: chuma kizima hulia, kilichooza hutoa sauti ya debe bovu.

Ikibidi kuchomelea, toa kwanza waya za betri, ama kompyuta ya injini itaungua. Mkataze fundi kutoboa upande wa juu au wa chini wa fremu, kwa kuwa hapo ndipo penye kubeba, atoboe ubavuni. Kiraka kikatwe ncha za mshazari, wala kisichomelewe kwa mstari mmoja uliosimama, kwa sababu fremu itakatika papo hapo kando ya mstari huo. Akimaliza, chukua kamba upime chini ya gari kutoka pembe ya mbele ya kushoto hadi ya nyuma ya kulia, kisha pembe zile nyingine mbili. Vipimo viwe sawa. Visipokuwa sawa, fremu imepinda, basi usimlipe kwanza.