BETRI INALAUMIWA BURE: Gari inayochaji leo, kesho haichaji

Leo tuweke siasa pembeni kidogo, tuongelee kitu kinachomaliza hela za watu kimya kimya: gari inayochaji leo, kesho haichaji. Sizungumzii ile iliyokufa moja kwa moja, hiyo fundi yeyote ataiona. Nazungumzia ya kuja na kuondoka. Taa nyekundu ya betri inawaka ukiwa kwenye foleni, ukifika gereji imeshazima. Fundi anapima, anakuta kila kitu safi, anakuangalia kama umeota. Mwisho anakwambia "nunua betri", maana hana kingine cha kukwambia.

Mimi sina cheti cha ufundi. Nimemaliza kidato cha nne, nashinda naandika. Ila kaka yangu anaendesha Corolla 110 ya biashara, na huu ugonjwa ulimtesa karibu mwezi mzima. Gari isipotembea, nyumbani hakuna kitu. Kwa hiyo ilibidi tukae chini tuelewe. Haya niliyoandika hapa ndiyo tuliyopitia, pamoja na yale niliyofundishwa na fundi umeme mmoja wa mtaani kwetu ambaye anapima kwanza kabla ya kufungua spana.

UMEME WA GARI UNAVYOKWENDA

Chukulia nyumba yenye tangi la maji na pampu. Betri ni tangi, alteneta ni pampu. Betri kazi yake kubwa ni kuzungusha slefu mpaka injini ishike. Baada ya hapo alteneta ndiyo inabeba kila kitu: taa, feni, redio, umeme wa plagi, pampu ya mafuta, na wakati huohuo inarudishia betri kile ilichotoa. Alteneta inazungushwa na mkanda kutoka kwenye injini. Ndani yake kuna rota inayozunguka, na umeme unaingia kwenye rota kupitia vipande viwili vidogo vya kaboni. Halafu kuna dayodi zinazogeuza umeme uende upande mmoja, na kuna regileta, ile ambayo mafundi wengi wanaiita katauti, inayozuia volti zisizidi.

Sasa hapa wengi tunakosea. Ile taa nyekundu yenye picha ya betri HAISEMI kwamba betri ni mbovu. Inasema pampu haisukumi. Tangi likikauka kwa sababu pampu imegoma, ukinunua tangi jipya umesaidia nini?

Na hapo ndipo ulipo mtego. Betri mpya inakuja imejaa. Ukiifunga, gari inawaka vizuri siku tatu nne, kila mtu anaamini ugonjwa umepatikana. Kumbe unatumia akiba tu. Halafu betri inayokaa muda mrefu bila kujazwa inaharibika kweli, risasi ya ndani inashika sulfeti na haipokei tena chaji vizuri. Kwa hiyo baada ya miezi michache fundi anapima, anakuta betri mbovu kweli, anasema "si nilikwambia?" Hapo alteneta imeua betri, na marehemu ndiye anayepewa kesi.

NAMBA ZA KUKUMBUKA

Tafuta mita ya umeme, hata ile ya bei ndogo. Namba zenyewe si nyingi:

- Gari imezimwa na imepumzika masaa kadhaa: volti 12.6 au zaidi, betri imejaa. 12.2 imebaki kama nusu. Chini ya 12 hiyo imekwisha.
- Gari inaunguruma: kwenye vichwa vya betri usome kati ya 13.8 na 14.5. Ikibaki 12 na kitu na inazidi kushuka, haichaji. Ikipita 15, inachaji kupita kiasi, regileta imechoka na betri itachemka.

Tahadhari: magari ya miaka ya karibuni yana kompyuta inayoshusha chaji makusudi ili kuokoa mafuta. Unaweza kukuta 12.8 na hakuna ugonjwa. Kabla hujahukumu, washa taa kubwa na feni ya AC, kanyaga mafuta kidogo, uone kama inapanda.

Kipimo kingine ambacho wengi hawakifanyi. Pima betri jioni, kama saa moja baada ya kuzima gari na baada ya kuwasha taa kubwa dakika moja ili ile chaji ya juujuu ipungue. Halafu pima tena asubuhi kabla hujaigusa. Kama jioni ilikuwa 12.6 na asubuhi ni 12.1, kuna kitu kinanyonya usiku, inaweza kuwa redio, alamu, au hata dayodi mbovu ya alteneta. Inaweza pia kuwa betri yenyewe haitunzi: ichaji mpaka ijae, chomoa waya wake mmoja usiku, ikishuka hivyohivyo basi ni yenyewe. Lakini kama jioni tayari ilikuwa 12.1, hakuna mwizi wa usiku. Mchana kutwa haikujazwa. Hayo ni magonjwa mawili tofauti na watu wanayachanganya kila siku.

KWA NINI INAKUJA NA KUONDOKA

Ugonjwa wa hivi una vitu vinavyouamsha. Vipo vinne:

1. JOTO. Asubuhi inachaji, mchana kwenye foleni inagoma. Regileta au dayodi iliyochoka inafanya kazi ikiwa ya baridi, ikipata moto inalegea. Ndiyo maana kuipima gereji saa mbili asubuhi ni kupoteza muda.

2. MTIKISIKO. Ukipita kwenye mashimo au matuta taa inawaka, ukipita tena inazima. Hapo kuna kitu kinacholegea: kichwa cha betri, waya, soketi ya nyuma ya alteneta, au kaboni zilizoisha.

3. MZIGO. Inachaji vizuri mpaka uwashe AC, taa na waipa. Mkanda unateleza, au waya umeliwa na kutu na haupitishi umeme mwingi. Mkanda ukiteleza mara nyingi unapiga kelele, hasa unapowasha gari asubuhi.

4. MAJI. Masika ikianza, ukipita dimbwi taa inawaka dakika mbili halafu inazima. Anza na mkanda, halafu soketi.

Kwa hiyo swali la kwanza siyo "kifaa gani kimekufa". Swali ni "inagoma LINI?" Ukijibu hilo umeshamaliza nusu ya kazi.

TULICHOFANYA KWA COROLLA

Gereji ya kwanza walipima asubuhi, gari ya baridi, wakakuta 14.1. Wakasema alteneta nzima, betri mbovu. Betri mpya ikanunuliwa. Wiki moja baadaye gari ikazimika saa tatu usiku na abiria ndani. Gereji ya pili wakataka kubadilisha alteneta nzima kwa ya mtumba. Kaka akakataa, hela hakuna.

Yule fundi wa mtaani hakufungua kitu. Alitushauri tununue kile kidude kidogo cha kusoma volti kinachochomekwa kwenye kiberiti cha sigara, bei yake haifiki hata robo ya betri. Kaka aende nacho kazini siku tatu, kila kikishuka chini ya 13 aandike: saa ngapi, yuko wapi, amewasha nini, barabara ikoje.

Siku tatu zikatupa picha. Asubuhi kutoka nyumbani 14.2. Barabara ya Nyerere yenye lami hadi mjini, hakuna shida, hata AC ikiwa inafanya kazi. Akiingia mitaa yenye mashimo, mara ghafla 12.4, taa inawaka. Akipita shimo jingine, inarudi 14.1. Joto lilikuwa linaongeza, ila kinachoamsha ni mtikisiko. Mkanda ukaondoka kwenye orodha, maana mkanda ungeteleza kwa mzigo, si kwa shimo.

Vikabaki vitu vinavyotikisika. Gari ikawashwa na kuachwa ipate moto. Fundi akaanza na vichwa vya betri, akavitikisa, mita haikusogea. Akafuata waya mnene wa alteneta. Hapa alipima kitu nilichokipenda: mdomo mmoja wa mita kwenye nati ya waya mnene nyuma ya alteneta, mdomo mwingine kwenye chanya ya betri, taa zote zimewashwa na injini inavuma. Mita inasoma volti zinazopotea njiani. Ikizidi 0.2 kuna kutu au waya umelegea. Yetu ilikuwa 0.1. Halafu mwili wa alteneta kwa hasi ya betri, nako safi. Soketi ya nyuma akaichezea, kimya.

Akashika bisibisi ya mpini wa mbao, akangoja mpaka chaji ikapotea, halafu akagonga mgongo wa alteneta taratibu. 12.3 ikaruka 14.1 palepale. Akagonga tena, ikapotea. "Kaboni hizo," akasema.

Alipofungua kweli. Kwenye vitabu vya Toyota kaboni mpya inatokeza milimita 10.5 na mwisho wa kuvumilia ni 1.5. Moja ya kwetu ilikuwa imebaki kipande tu, springi imefika mwisho. Barabara nyororo inagusa, shimo likija inaachia. Kaboni zikanunuliwa Gerezani, zikafungwa, kazi ya asubuhi moja. Gharama yote, na ufundi ndani, haikufika hata nusu ya ile betri iliyonunuliwa bure.

MAMBO YA KUKATAA

Jamani, hili nalisema kwa herufi kubwa. FUNDI ASICHOMOE WAYA WA BETRI GARI IKIUNGURUMA ili "kuona kama alteneta inabeba". Kwenye magari ya zamani yasiyo na kompyuta watu walikuwa wanapona. Kwenye haya ya sasa, ukichomoa betri ghafla alteneta inaweza kurusha umeme unaokaribia volti 100 kwa muda mfupi sana, na muda huo unatosha kuunguza kompyuta ya injini. Mita inakupa jibu hilohilo bila hatari. Fundi akianza kulegeza nati ya betri gari ikiwaka, zima gari, mshukuru, ondoka.

Pili, usivute sigara wala kurusha cheche juu ya betri. Ikichaji inatoa gesi inayolipuka. Ukibusti gari, ule waya wa hasi wa mwisho ufunge kwenye chuma cha injini, mbali na betri.

Tatu, ukigonga au kutikisa kitu injini ikiwaka, kunja mikono ya shati na kaa mbali na mkanda na feni. Kidole hakina spea.

IKIKUKUTA NJIANI

Taa ikiwaka usiku, tuseme uko kati ya Chalinze na Segera, hesabu ni hii. Taa mbili za mbele zinakula kama ampea 9. Ongeza pampu ya mafuta, plagi, feni ya rejeta na feni ya ndani, unaweza kufika 25. Betri ndogo ya ampea 45 kwa saa, hata ikiwa mpya na imejaa, haifiki saa mbili. Iliyochoka ni dakika chache. Zima AC, redio, chaja za simu, kila kitu isipokuwa taa. Taa usizime, maana lori la nyuma halijui una matatizo. Usizime injini ovyo, haitawaka tena. Tafuta penye watu, usimame hapo. Na kama taa ya betri imewaka pamoja na geji ya joto kupanda, simama mara moja pembeni: inawezekana mkanda umekatika, na kwenye magari mengi mkanda huohuo unazungusha pampu ya maji. Hapo ukilazimisha utaua injini.

UKIENDA GEREJI

Usiende na neno "gari haichaji". Nenda na daftari. Sema: "Inashuka mpaka 12.4 nikipita kwenye mashimo ikiwa ya moto, kwenye lami iko 14.1." Fundi mzuri atafurahi, umempunguzia kazi. Fundi wa kubahatisha ataona huyu si wa kuuziwa betri. Na asikubadilishie kitu chochote mpaka akuonyeshe mita, kabla na baada.

Najua humu ndani wamo mafundi umeme wa ukweli. Kama kuna nilipoacha, hasa nyie wa magari ya kompyuta yenye chaji ya kupandishwa na kushushwa, wekeni hapo chini tufaidike wote. Na wewe ambaye umeshanunua betri mbili mwaka huu, kabla ya ya tatu nunua mita.

Tupo pamoja.