Hata nyanya alikuwa msichana wa kisasa

MSOMAJI mpendwa, siku moja ya kazi jidamke, usimame kando ya kituo cha matatu mjini Ruiru kabla jua halijachomoza. Utawaona wasichana wa kila aina. Kuna aliyevaa sare ya shule na bado anadurusu hesabu akiwa foleni. Kuna anayekimbilia zamu kiwandani, kitambaa kichwani na chakula cha mchana mkobani. Kuna wa chuo kikuu aliyebeba kompyuta mgongoni, na kuna aliyebeba mtoto. Yupo pia yule wa nywele za zambarau na suruali iliyochanwa magotini kwa makusudi.

Sasa subiri kidogo. Hutakosa kumsikia mzee au mama fulani akiguna na kusema, "Wasichana wa siku hizi wamepotea!"

Mimi ni mmoja wa hao wa siku hizi. Nina umri wa miaka 24 na diploma iliyolala kabatini. Kila Jumapili tukitoka kanisani huulizwa maswali mawili yale yale: "Umepata kazi?" na "Utatuletea mgeni lini?" Nikifika nyumbani na kufungua simu, nakuta msichana tuliyekaa naye dawati moja amevishwa pete, mwingine amefungua duka, na wa tatu anapiga picha mbele ya maghorofa ya Dubai. Hapo ndipo moyo hunidunda, nikajiuliza kama matatu ya maisha imejaa na kuondoka mimi nikiwa bado nahesabu nauli.

Najua siko peke yangu. Pengine hata wewe, dada unayesoma makala haya, umewahi kulala na wazo hilo na kuamka nalo. Basi acha nikueleze jambo lililonipunguzia mzigo.

Rinda jekundu

Siku moja nilimuuliza nyanya yangu, "Shosho, ni kweli kwamba zamani zenu wasichana walikuwa na adabu kutushinda?"

Alicheka hadi akashikwa na kikohozi. Kisha akaniambia kwamba mwaka 1964, akiwa na umri wa miaka 17, alipanda lori pamoja na wenzake kwenda kuchuma kahawa katika mashamba makubwa ya Ruiru. Walilipwa kwa debe. Pesa zake za kwanza alinunulia viatu vya plastiki na rinda jekundu kwenye duka la Mhindi. Aliporudi nyumbani, shangazi zake hawakumsalimia vizuri. Walisema wasichana wanaopanda malori na kujinunulia nguo wenyewe hawatapata waume, na wakiwapata hawatakaa nao.

"Mjukuu wangu," akaniambia, "hata mimi niliambiwa nimepotea. Na ona, mimi ndiye niliyemzaa mama yako."

Mama naye ana kisa chake. Alipokuwa kijana, kahawa ilikuwa bado mfalme hapa kwetu. Msimu wa 1987/88 Kenya ilivuna takriban tani 130,000. Kisha mwaka 1989 mpango wa kimataifa uliokuwa ukigawia kila nchi kiasi cha kahawa ya kuuza ulivunjika, bei ikaporomoka, na kwa miaka mingi tangu hapo mavuno yetu yamekuwa chini ya nusu ya kiasi hicho. Mama aliona kwamba debe halitamlisha. Mwaka 1990 alijifunza kushona, akapata kibarua, na akajikodishia chumba kimoja mjini Ruiru akiwa bado hajaolewa. Majirani walinong'ona. Msichana wa kukaa peke yake, tena mwenye ufunguo wake mwenyewe, alidhaniwa kuwa na mambo ya kuficha.

Umeona, msomaji? Nyanya alilaumiwa kwa sababu ya rinda na mama kwa sababu ya ufunguo. Sisi tunalaumiwa kwa sababu ya simu. Kila nyanya alikuwa msichana wa kisasa wa wakati wake, na kila kizazi cha wasichana kimewahi kuitwa kizazi kilichopotea.

Waliotutangulia

Tukirudi nyuma zaidi tutakuta mambo mazito kuliko rinda. Mwaka 1919 Gavana Edward Northey alitoa waraka uliowataka machifu kuwahimiza watu wao kwenda kufanya kazi katika mashamba ya walowezi. Pale ambapo mashamba yalipakana na vijiji, hata wanawake na watoto walitakiwa kuhimizwa. Kuhimizwa huko mara nyingi kuligeuka kuwa kulazimishwa. Mojawapo ya malalamiko ya Harry Thuku na wafuasi wake lilikuwa hilo: wasichana kuchukuliwa kwa nguvu kwenda kufanya kazi mashambani.

Thuku alipokamatwa mwezi Machi 1922, umati ulikusanyika nje ya kituo cha polisi jijini Nairobi. Wanaume walipoanza kusitasita, mwanamke mmoja, Mary Muthoni Nyanjiru, aliwakemea na kuwasukuma mbele. Polisi walifyatua risasi na Nyanjiru akafa hapo. Wapo waliomwona kuwa mwanamke asiyejua mahali pake. Leo jina lake limo katika historia ya taifa letu.

Miaka saba baadaye, mwaka 1929, nchi ya Wagikuyu iligawanyika kuhusu ukeketaji. Wamishenari walisimama upande mmoja na watetezi wa mila upande mwingine, na msichana akawa katikati. Akikataa kisu, aliambiwa hataolewa. Akikubali, alihatarisha nafasi yake katika shule ya misheni. Wote walizungumza juu ya mwili wake, lakini ni wachache waliomuuliza yeye. Ilichukua hadi mwaka 2011 kwa Kenya kupata sheria mahususi ya kuharamisha ukeketaji kwa watu wa umri wote.

Sisemi haya ili kudai kwamba sisi tuna raha na wao walikuwa na shida tu. Nayasema kwa sababu njia tunayokanyaga leo ilifyekwa na wasichana walioogopa kama sisi.

Njia zimekuwa nyingi

Hata hivyo, lipo jambo moja ambalo ni geni kwa kweli. Nyanya alijua hatua za maisha yake kabla hajazipiga: utoto, ndoa, watoto, shamba, uzee. Alipozaa, alizaa kama wenzake. Uchunguzi wa mwaka 1977/78 ulionyesha kwamba mwanamke wa Kenya alizaa watoto wanane kwa wastani. Ule wa mwaka 2022 ulionyesha watoto 3.4 tu.

Mji wenyewe haukubaki ulivyokuwa. Barabara kuu ya Thika ilipanuliwa na kukamilika mwaka 2012, na mashamba ya kahawa yakaanza kuota maghorofa. Tatu City, mji mpya unaojengwa hapa, umekaa juu ya ardhi iliyokuwa shamba la kahawa. Sensa ya mwaka 2009 iliwahesabu watu 238,858 mjini Ruiru. Miaka kumi baadaye walikuwa 490,120, na Ruiru ikawa ya nne kwa wingi wa watu miongoni mwa miji ya Kenya, nyuma ya Nairobi, Mombasa na Nakuru.

Katika mji kama huu msichana hana njia moja iliyochorwa. Anaweza kusoma, kuajiriwa, kufanya biashara, kusafiri, kuolewa mapema, kuchelewa au asiolewe kabisa. Huo ni uhuru, naam, lakini una mzigo wake. Nyanya hakuchagua sana, kwa hivyo hakujilaumu sana. Sisi tunachagua kila siku, na kila tunapoona mwenzetu amechagua lingine, tunadhani tumekosea.

Hofu hiyo ndiyo inayowafungulia mlango walaghai. Mwanamume mwenye umri wa baba yako anakuja na gari na ahadi ya kukulipia kodi ya nyumba. Wengine humwita sponsa, lakini mkopo wake hauna karatasi, na siku ya kuulipa huijui. Msichana anayeamini kwamba amechelewa hukubali lifti yoyote. Anayejua kwamba bado ana muda huuliza kwanza gari linaelekea wapi.

Na aliyekwisha kujikwaa je? Uchunguzi huo wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 15 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 nchini walikuwa wamewahi kupata mimba. Wengi wao huambiwa kwamba maisha yao yamekwisha. La hasha! Tangu mwaka 1994 serikali imekuwa na sera ya kumruhusu msichana aliyejifungua kurudi shuleni. Mzazi unayemficha binti yako jikoni kwa aibu, jua kwamba mlango uko wazi. Kinachokosekana ni wewe kumshika mkono na kumrudisha.

Funzo la mbuni

Hapa kwetu kuna mbuni unaojulikana duniani kwa jina la Ruiru 11. Ulitolewa kwa wakulima mwaka 1985 baada ya miaka mingi ya utafiti katika kituo cha Ruiru, kwa sababu mibuni ya zamani ilikuwa ikiangamizwa na magonjwa. Wataalamu waliichanganya mibuni ya asili mbalimbali, huyu akachangia ladha, yule akachangia nguvu ya kukinza ugonjwa. Na mbuni huo una tabia moja: ukipanda mbegu zake, miche haitoki yote ikifanana na mama. Ndiyo maana mbegu mpya za Ruiru 11 hutengenezwa upya kwa kuchavusha maua kwa mkono.

Nasi tu hivyo hivyo, dada yangu. Ukakamavu tumeupata kwa nyanya na ufundi kwa mama, lakini hatuwezi kuwa nakala yao. Wazazi, msikasirike mkiona binti hafanani nanyi. Ulizeni tu kama amechukua kilicho bora kwenu.

Na mnapogawa mlicho nacho, msimsahau. Ploti zinauzwa Ruiru kila uchao, na bado kuna baba anayegawia wana wa kiume peke yao akisema binti ataolewa. Sheria ya Urithi, iliyoanza kutumika mwaka 1981, haimbagui mtoto kwa sababu ni wa kike. Msichana mwenye mahali pa kurudi hakubali kupigwa kwa sababu ya kukosa pa kulala.

Nami nimefika wapi? Diploma ingali kabatini na bado natuma barua za kuomba kazi. Lakini miezi minane iliyopita nilimwomba mama anifundishe kutumia cherehani yake. Sasa nashona sare za shule kwenye kibanda karibu na soko, na kodi ya kibanda nailipa mwenyewe. Nyanya amekuwa mteja wangu. Ameniagiza rinda jekundu, na amesisitiza kwamba lisiwe refu mno.

Jumapili iliyopita niliulizwa tena yale maswali mawili. Nilitabasamu nikajibu, "Nikiwa tayari, nitawaambieni." Sikuona aibu. Kwa hivyo dada, usiipime safari yako kwa saa ya mwenzako. Shika kazi moja mkono wako uijue vizuri, jihadhari na anayekuharakisha, na siku moja ukae na nyanya yako umuulize alipokuwa na umri wako aliambiwa nini. Jibu lake litakushangaza, na huenda likakutuliza.