Maji yaondoke, mali ibaki

Uvinza mkoani Kigoma chumvi imepikwa tangu karne nyingi: maji ya chumvi huchemshwa, mvuke huondoka, chumvi hubaki. Mitambo ya gesi nayo ina kazi kama hiyo.

Gesi asilia, kama ile ya Songo Songo iliyoanza kufika Dar es Salaam mwaka 2004, hutoka ardhini na unyevu unaokula mabomba. Njia iliyozoeleka ya kuikausha ni kuipitisha kwenye glaikoli, kimiminika kizito kinachonyonya maji. Ikishalowa haimwagwi. Maji huchemka kwenye nyuzi 100, glaikoli itumiwayo zaidi kwenye 285 hivi. Ikipashwa hadi 200, maji hupaa, nayo hurudi kazini. Moto ukizidi, huharibika.

Chumvi ikiingia, mvuke wa maji hauichukui. Hapo glaikoli yenyewe hugeuzwa mvuke mahali palipopunguzwa hewa, chumvi ikabaki chini kama Uvinza.

Yatuhusu nini? Baadhi ya glaikoli ni tamu, tena ni sumu. Mwaka 2022 huko Gambia, dawa za maji zilizoingiwa nazo zilihusishwa na vifo vya watoto wapatao 70. Basi pipa lililobeba glaikoli, hata likifika Nyabibuye likiwa safi machoni, lisitekewe maji ya kunywa.