Somo la Afya: Kabla ya Kupasuliwa ili Kukaza Tumbo

Fungueni madaftari yenu. Mwalimu aandike ubaoni maneno matatu: ngozi, misuli, kovu.

Mama aliyezaa mara kadhaa aweza kuona tumbo lake limelegea. Pengine misuli ya mbele imeachana katikati. Mtu aliyekonda baada ya unene mwingi naye hubaki na ngozi inayoning'inia. Wako madaktari wanaopasua na kukaza tumbo la namna hiyo.

Kazi yenyewe ni hii. Mgonjwa hupewa dawa ya usingizi. Daktari hukata ngozi chini ya tumbo, kutoka nyonga moja hadi ya pili. Huinua ngozi, hushona misuli iliyoachana, huondoa ngozi iliyozidi, kisha hukitengenezea kitovu tundu jipya. Kovu lake halifutiki.

Sasa sikilizeni sana. Kwanza, huu si dawa ya unene. Mwenye kutaka kupungua apungue kwanza, uzito wake utulie. Pili, asiyemaliza kuzaa angoje, kwa kuwa mimba mpya italegeza tena. Tatu, sigara iachwe angalau majuma 4 kabla, maana huzuia damu isifike vizuri penye kidonda, na ngozi yaweza kufa. Nne, mweleze daktari yote: kisukari, shinikizo la damu, na dawa unazokunywa, hata za miti shamba.

Hatari kubwa ni damu kuganda mguuni. Donge hilo laweza kwenda mapafuni na kuua. Ndiyo sababu mgonjwa huhimizwa atembee mapema. Ukirudi nyumbani, mguu mmoja ukivimba na kuuma, au ukikosa pumzi, usingoje kesho. Nenda hospitali mara moja.

Tena, kwa majuma 6 hivi hutabeba ndoo ya maji wala mtoto. Je, nani atakusaidia?

Muulize daktari: Umesomea upasuaji huu? Nani atanipa dawa ya usingizi? Nikizidiwa usiku, nitapelekwa wapi? Kuuliza si ujinga. Akikasirika kwa kuulizwa, tafuta mwingine. Tumbo kulegea hakuui. Unao wakati wa kufikiri.

Maswali ya darasani:
1. Kwa nini sigara iachwe kabla ya kupasuliwa?
2. Dalili zipi hazingoji kesho?
3. Andika swali moja ambalo wewe ungemwuliza daktari.

Kwaherini hadi somo lijalo.