Kogalo na Miaka 18 ya Kungoja

Ukipita Kondele jioni ambayo Gor Mahia wameshinda, huna haja ya kuuliza matokeo. Honi za bodaboda zitakuambia. Lakini je, wajua kwamba kuna vijana wa mji huu wa Kisumu waliozaliwa, wakasoma, wakafikia umri wa kuchukua kitambulisho, bila kuiona Kogalo ikitwaa ubingwa wa ligi hata mara moja?

Ndiyo. Kutoka mwaka 1995 hadi 2013 ni miaka 18 kamili.

Na hii si timu iliyozoea kukaa bure. Klabu iliyopewa jina la mganga mashuhuri wa Kanyamwa, kule Homa Bay, ilianzishwa mwaka 1968 na kuwa bingwa mwaka huo huo. Mwaka 1976 ilimaliza ligi bila kushindwa. Mwaka 1987 ilitoka sare ya 2-2 na Esperance mjini Tunis, kisha 1-1 uwanjani Kasarani, na mabao ya ugenini yakaipa Kombe la Washindi Barani Afrika. Waulize wazee wa Kibuye kuhusu siku hiyo, lakini uwe na nafasi ya kutosha, maana hawatamaliza upesi.

Kisha mambo yakaharibika. Viongozi waligombana, fedha zikawa haba, na wachezaji wazuri wakahamia kwingine. Kila msimu mashabiki waliahidiwa makuu.

Ukimuuliza shabiki wa leo nani aliyeirudisha Gor, huenda akakutajia Bobby Williamson, kocha kutoka Scotland aliyekuwa usukani ubingwa uliporudi mwaka 2013. Kwa maoni yangu, hiyo ni nusu ya hadithi. Williamson alifika msimu ukiwa umeshaanza. Kabla yake alikuwapo Zdravko Logarusic wa Croatia. Na kabla ya ligi kupatikana, timu ilikuwa imeshatwaa kombe la mtoano mwaka 2011 na tena 2012. Mwaka huo wa 2012 ubingwa wenyewe uliwaponyoka siku ya mwisho ya ligi, ukaenda kwa Tusker. Jambo ninalolisifu ni kwamba kikosi hakikuvunjwa kwa hasira. Kilirudi mazoezini, na mwaka uliofuata kikashinda.

Nenda ufuo wa Dunga asubuhi uwatazame wavuvi wakishona nyavu zao, tundu baada ya tundu. Hakuna anayewapigia makofi. Makofi hungoja mbuta atolewe ziwani.

Baada ya 2013 mlango ulifunguka. Walishinda tena 2014, na mwaka 2015, wakiwa na Frank Nuttall na mshambuliaji kijana Michael Olunga, walimaliza ligi bila kupoteza mechi, jambo ambalo klabu hii ilikuwa haijalifanya tangu 1976. Mwaka 2017 walicheza na Everton ya Uingereza mjini Dar es Salaam, wakafungwa 2-1, Wayne Rooney akiwa mmoja wa wafungaji.

Wapenzi wa mpira wa vikapu nao wana kisa chao. Mwaka 1993 Kenya iliandaa fainali za Afrika jijini Nairobi na kumaliza ya nne. Haikurudi fainalini hadi mwaka 2021, kule Kigali. Hata hiyo tiketi iliwezekana kwa sababu mwezi Februari mwaka huo, mjini Yaoundé, vijana wa kocha Liz Mills kutoka Australia waliishinda Angola 74-73 kwa kikapu cha Tylor Ongwae, muda ukiwa unakwisha. Watu walishangilia kikapu kimoja, bali kulikuwa na miaka 28 nyuma yake.

Tena usidhani kwamba timu ikishajengwa imejengwa. Mwaka 2019 mdhamini, kampuni ya kamari ya SportPesa, alijiondoa, na wachezaji wakapata taabu ya mishahara. Hata hivyo Gor ndiyo iliyotangazwa bingwa mwaka 2020, ligi ilipokatizwa na korona. Ukafuata ukame mwingine mfupi, kisha ubingwa wa 2023 na wa 2024, ambao ulikuwa wa 21.

Mwaka 2025 kombe lilichukuliwa na Kenya Police. Kondele, usiku huo, honi zilikuwa chache.