Kabla ng'ombe hajauzwa ili binti aende Ujerumani

Siku ya soko pale Mulot, mji mdogo ulio kwenye barabara ya kutoka Narok kwenda Bomet, si rahisi mtu kuuza ng'ombe wake kwa siri. Kabla jua halijatua, majirani watakuwa wamekwisha kuulizana: je, kuna mgonjwa nyumbani kwake? Au ni karo ya shule? Siku hizi kuna jibu la tatu, nalo hutolewa kwa fahari kubwa: binti anakwenda Ujerumani.

Msomaji, huenda wewe pia una binti, mpwa au dada mdogo ambaye tangu amalize kidato cha nne wimbo wake ni huo mmoja. Ni ndoto nzuri. Lakini kabla ya kamba kufunguliwa zizini, yafaa wazazi na vijana wajue ndoto yenyewe ina masharti gani.

Sawa kwa sawa

Mpango unaozungumzwa sana huitwa au pair, na hutamkwa "opea". Ni maneno ya Kifaransa yenye maana ya sawa kwa sawa. Kijana huishi na familia ya kigeni kama mmoja wa nyumba ile, husaidia kuangalia watoto na kazi ndogo ndogo, naye hujifunza lugha na desturi za wenyeji wake. Si yaya, wala si mwanafunzi wa chuo.

Sheria za Ujerumani zataka opea awe ametimiza miaka 18 na awe hajafika miaka 27 anapoomba viza. Hukaa miezi 6 hadi 12. Kazi zisizidi saa 30 kwa wiki, na kwa kawaida zisipite saa 6 kwa siku. Hupewa chumba, chakula na bima, pesa za mfukoni Euro 280 kwa mwezi, na Euro 70 za kumsaidia kulipia masomo ya lugha. Ana haki ya mapumziko ya siku moja na nusu kila wiki na likizo ya wiki nne kwa mwaka mzima.

Wazazi wengi huteleza hapo kwenye pesa za mfukoni. Euro 280 ni kama Sh40,000 hivi, na zikitajwa Mulot huonekana mshahara mnono. Hebu tupige hesabu. Tuseme dalali ameomba Sh300,000 "kushughulikia kila kitu", na binti akajinyima hata akaweza kutuma nyumbani Sh20,000 kila mwezi. Deni hilo litamalizika baada ya miezi 15. Viza yake ni ya miezi 12, na mtu haruhusiwi kuwa opea Ujerumani mara ya pili. Ng'ombe atakuwa ameondoka na deni limebaki.

Mlango ni mmoja

Hatua za kupata viza si siri ya mtu. Kwanza ni pasipoti, ambayo huombwa kupitia eCitizen, kisha mwombaji huenda mwenyewe ofisi ya uhamiaji kupigwa picha na kuchukuliwa alama za vidole. Pili ni lugha. Mwombaji lazima awe na cheti cha Kijerumani cha kiwango cha A1, kinachopimwa kwa kusikiliza, kusoma, kuandika na kuzungumza. Taasisi ya Goethe mjini Nairobi hutoa mafunzo na mtihani huo.

Tatu ni familia. Kijana huitafuta, huandikiana nayo, huzungumza nayo kwa simu ya picha, kisha pande zote hutia sahihi mkataba unaotaja saa za kazi, mapumziko na pesa. Ndipo maombi yanapopelekwa kwa ubalozi wa Ujerumani, Nairobi, pamoja na wasifu wa mwombaji na barua ya kueleza kwa nini anataka kwenda. Ada ya viza ni Euro 75, na ombi likikataliwa hairudishwi. Nauli ya ndege kwa kawaida ni juu ya kijana mwenyewe, isipokuwa familia ikubali kusaidia.

Hakuna dalali mwenye dirisha lake ubalozini. Mlango ni mmoja kwa wote.

Kwenye mahojiano, afisa huweza kuuliza kwa Kijerumani chepesi: watoto wa familia hiyo wana umri gani? Kwa nini umechagua Ujerumani? Mwaka ukiisha utafanya nini? Aliyeandikiwa barua na dalali na kukariri majibu kama kasuku hukwama swali likigeuzwa kidogo tu. Lakini msichana aliyelea wadogo zake huku mama akiwa shambani ana mengi ya kusema bila kukariri. Swali la mwisho ndilo zito, na halina haja ya uongo. Sheria yaruhusu mtu kuomba kibali kingine, kama cha mafunzo ya kazi, iwapo ametimiza masharti. Hiyo ni nafasi tu, si ahadi.

Jina la mji

Vijana wa Mulot wana mzigo wa ziada. Kwa miaka kadhaa sasa jina la mji wao limetajwa mara kwa mara katika habari za ulaghai wa simu, ingawa wengi wa wakazi ni wakulima, wafugaji na wachuuzi wanaokula jasho lao. Dawa yake ni moja: kila karatasi iwe ya kweli. Cheti cha kughushi kikigunduliwa humwaibisha binti, na kinaweza kumfungia mlango hata miaka ijayo.

Isitoshe, walaghai wa safari hawatoki Mulot pekee. Mwaka 2023 wazazi wa Uasin Gishu waliandamana mjini Eldoret wakidai pesa walizolipa ili watoto wao wakasome Finland na Canada. Septemba 2024, Kenya na Ujerumani zilipotia sahihi mkataba wa uhamiaji, zikavuma habari za nafasi 250,000 za kazi. Serikali ya Ujerumani ilikanusha. Mkataba haukutaja idadi yoyote. Anayekutajia idadi hiyo huku akidai amana ya kushika nafasi, mkimbie. Ukilazimika kutumia wakala, hakikisha kwanza kwamba ana leseni ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira.

Kadhalika, binti aondoke akijua haki zake. Pasipoti yake ikae mikononi mwake, nakala ya mkataba ibaki kwa mama, na nyumba ikiwa na mateso, anaweza kuiacha na kutafuta familia nyingine.

Wazazi wapendwa, hakuna anayesema binti asiende. Akajifunze, naye akawafunze wenyeji wake jinsi mursik inavyotiwa mkaa wa mti ndani ya kibuyu. Hiyo ndiyo sawa kwa sawa. Lakini ng'ombe na abaki zizini mpaka binti ashike cheti cha A1 kwa mkono mmoja na mkataba kwa mkono wa pili. Na hata hapo, piga hesabu tena: huenda mbuzi wachache wakatosha.